Panadol Mbili Kabla ya Geti

Siku hizi Ramula anapenda kusema lilikuwa wazo lake. Akikaa na wanawake wenzake anajipiga kifua, analia, anajitwika lawama zote, na wao wanamwonea huruma na kumpa chai. Mwongo. Zile panadol zilikuwa ndani ya mkoba wangu mimi, Naimah. Mimi ndiye niliyezitoa, mimi ndiye niliyefungua chupa ya maji, na mimi ndiye niliyemwambia Mbambu, "Meza mbili sasa hivi, tukifika getini zitakuwa zimeshafanya kazi."

Ilikuwa 2019, mwaka wa ebola. Mwezi wa Juni ugonjwa ulivuka mpaka kutoka Kongo ukaingia kwetu Bwera, magharibi mwa Uganda, na tangu hapo hukuweza kwenda hata kununua chumvi bila kuoshwa mikono kwa maji ya klorini na kuelekezewa kwenye paji la uso kile kibastola cha kupimia joto. Watu waliacha kupeana mikono. Msikitini tuliambiwa tuachiane nafasi. Mkongomani akikohoa ndani ya gari, abiria wote wanashuka wanangoja gari jingine.

Lakini sisi wa soko la Mpondwe, pale mpakani, tulikuwa na njia yetu. Mtu akiamka na homa kidogo siku ya soko, anameza panadol mbili, anangoja kama saa moja, anajifuta uso kwa kitambaa cha maji baridi, anapita. Kila mwanamke pale sokoni alijua. Hatukuona kuwa ni kosa, maana homa zetu zilikuwa za mafua na uchovu, na soko lenyewe ni Jumanne na Ijumaa tu.

Mimi nauza nguo za watoto. Idi ya kuchinja ilikuwa imebaki wiki mbili, na nilikuwa nimeshusha mzigo kutoka Kampala: vikanzu, vigauni vya kung'aa, viatu vidogo vya kufunga. Nguo za Idi zisipotoka kabla ya Idi, utazitazama mpaka mwaka mwingine. Nina watoto watatu na baba yao ameoa Mbarara, hapigi hata simu. Nasema haya ili mjue nilikuwa nafikiria nini, sio ili mnihurumie.

Mbambu alikuwa jirani yangu wa kibanda. Alikuwa Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni, msichana wa miaka ishirini na sita. Aliuza vitenge, na kwa miaka mitatu alikuwa amepanga chumba kimoja hapa Bwera. Mimi nina mdomo usio na breki, nagombana na wateja, nagombana na wakusanya ushuru, na yeye ndiye aliyekuwa akinifuata nyuma akiomba msamaha kwa niaba yangu. Aliniita Yaya, kama wanavyoita dada mkubwa kwao. Nikienda kuswali, yeye ndiye aliyeniuzia, na sijawahi kurudi nikakuta kitu kimepungua.

Safari ililetwa na Baker. Baker ana gari la abiria la njia ya Bwera na Kasese, na wiki ile alikuwa amewabebea mahema watu waliokuwa wakiandaa tamasha la mazingira kando ya Ziwa George. Walimpa kadi nne za kuingia, Jumamosi na Jumapili, pamoja na vibanda viwili vya kulala. Akatuambia mimi, Ramula na Mbambu: twendeni tukapumzike, tangu Januari hatujaona kitu ila vumbi. Ramula, ambaye anauza chapati mlangoni mwa soko, alikubali kabla Baker hajamaliza kusema. Mbambu aliuliza kitu kimoja tu.

"Kule iko bichi? Bichi ya kweli, ya kuingiza miguu?"

Baker akamwambia ipo. Wiki nzima hakuzungumza kitu kingine. Kwao Butembo ni juu milimani, kuna baridi, na katika maisha yake hakuwahi kusimama ndani ya ziwa.

Jumamosi asubuhi aliingia garini akiwa amejifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na jua lilikuwa tayari linachoma. Alikaa dirishani akafumba macho. Tulipofika karibu na njia panda ya Kikorongo, Ramula akamshika mkono ili amwonyeshe kitu nje, kisha akauachia haraka.

"Huyu anaungua," akasema.

Baker akasimamisha gari pembeni. Mbambu akafumbua macho, akatuona tunamwangalia.

"Ni fatigue tu," akasema. "Tangu juzi kichwa iko naniluma. Mbele ya hapo nilikuwa muzima. Sikuguse mugonjwa, sikwende ku matanga. Naapa."

Nilimwamini, na bado naamini. Alikuwa hajavuka mpaka mwezi mzima. Baker naye alimwamini, ila alisema turudi tumpeleke hospitali, au twende naye Kasese mjini akapimwe. Alisema hivyo waziwazi, mara mbili, na mimi nataka ijulikane kwamba alisema.

Mimi nikamwambia ana wazimu. Mkongomani mwenye homa, mwaka huu, hospitali? Watamtia ndani ya hema na sisi watatu wataandika majina yetu, tumekaa naye gari moja. Nikamkumbusha Mastula, jirani yangu, ambaye mwezi wa Juni alifungiwa nyumbani siku ishirini na moja kwa sababu alikaa benchi moja na mtu. Siku ishirini na moja. Hapo Idi iko wapi?

"Naimah, huyu ni mtu," Baker akasema.

"Na wanangu ni mbuzi?" nikamjibu. "Gari lako likisimama siku ishirini na moja, mke wako utamlisha nini? Majani?"

Nikageuka kwa Ramula, naye akatazama nje. Mbambu mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema hataki kutuharibia safari, ataiona bichi kwanza, Jumatatu ataenda kutafuta dawa. Alikuwa anatuangalia usoni mmoja mmoja kuona kama tumekasirika. Ndipo nikatoa zile panadol.

Tulingoja saa nzima chini ya mti, Baker akijifanya anaangalia injini. Nililowesha leso yangu nikamfuta uso. Getini kwenye tamasha alisimama nesi mmoja mnene, mcheshi, amevaa kitambulisho kilichoandikwa Babirye, akimwelekezea kila mtu kibastola. Kwangu thelathini na sita na sita. Kwa Mbambu thelathini na sita na nne.

"Wewe ndiye mzima kuliko wote," nesi akamwambia. "Karibuni, mabibi."

Tulipopita tulicheka. Nilicheka mimi zaidi. Nilijiona mjanja.

Siwezi kusema tamasha lilikuwa baya. Lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Kulikuwa na watoto wa shule waliovaa mabawa ya karatasi wakiimba juu ya ndege, kulikuwa na ngoma, samaki wa kukaanga, mashua za kuwapeleka watu kuona viboko. Mzungu mmoja alieleza juu ya korongo mwenye mdomo mkubwa hadi watu wakasinzia. Baker alicheza ngoma na wazee. Ramula alikula samaki watatu akasema wa nne ni wa njiani.

Mbambu alitembea mwenyewe hadi majini. Alikunja vitenge vyake hadi magotini, akasimama, maji yakampita miguuni. Alicheka kimyakimya, akaniita nimpige picha. Nilimpiga kwa simu yangu, nikamtumia kwenye yake. Ukiitazama ile picha huwezi kujua. Ana jasho usoni lakini kila mtu alikuwa na jasho, na rozari yake inaonekana vizuri.

Saa tisa alikuwa amelala kwenye mkeka, meno yanagongana. Na hapohapo, ninaapa, kipaza sauti kikaita. Yule nesi Babirye alikuwa ameondoka getini na sasa alikuwa kwenye hema jeupe, hatua hamsini kutoka tulipokaa. Alisema kando ya ziwa malaria ni nyingi, mwenye homa yeyote aje, kupima ni bure, majibu robo saa, na dawa anatoa yeye mwenyewe palepale. Alirudia kwa Kiswahili, kwa Lhukonzo, na kwa Kiganda.

Mbambu aliinua kichwa.

"Yaya, bale beko napima malaria bure. Tuende?"

"Huo ni mtego," nikamwambia.

"Robo saa tu, Yaya."

"Mbambu, hao ndio walewale wa kibastola. Ukienda na homa hiyo watakuuliza getini ulipitaje. Watakuuliza umetoka wapi. Utasema Butembo, na hema litageuka jela. Vumilia mpaka Jumatatu."

Alilitazama lile hema muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa, Yaya," akarudisha kichwa chini. Hakubishana, na kama angebishana labda ningekubali. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na sijui kama ni kweli. Nilimpa panadol nyingine mbili na soda.

Usiku sikulala vizuri kwa sababu alikuwa anageukageuka. Asubuhi ya Jumapili walianza kupanda miti ufukweni, kila kundi la marafiki mti wake, na Ramula akaja kibandani kutuita. Mbambu hakuweza kusimama. Alikuwa anaongea na mama yake kwa Kinande, lugha ya kwao, polepole, kama vile mama yake ameketi kitandani, na mama yake yuko Butembo. Alimwomba maji. Nilipompa mimi, aliniambia asante mama.

Ramula akaanza kulia. Baker akasema anakwenda kumwita nesi, basi, hataki kusikia neno. Nikamshika shati.

"Sasa ndiyo hutaki kusikia?" nikamwambia. "Jana ungeenda ningekuelewa. Leo tumeshamficha siku nzima. Leo ukimwita, si siku ishirini na moja tena, ni polisi. Atoke hapa kwanza, tumfikishe Bwera, kesho alfajiri tumpeleke kama ameugua leo."

Alisimama pale mlangoni. Angeweza kunisukuma, mimi ni mwanamke mwembamba na yeye anabeba magunia. Alitoa funguo za gari akaenda kuliwasha. Kwa hiyo Baker asijifanye sana.

Mti wetu ulipandwa na watu wengine.

Nilivunja panadol mbili nikazikoroga kwenye maji, nikamnywesha kwa kijiko. Njiani nilimwekea leso ya maji baridi usoni, nikiibadilisha kila mara. Kizuizini karibu na Bwera kijana wa afya aliingiza mkono dirishani akamwelekezea. Thelathini na saba kasoro kidogo.

"Mbona hashuki kunawa?" akauliza.

"Amechoka na sherehe," nikamjibu. "Mwache alale."

Akatupungia mkono tupite. Tulimbeba hadi chumbani kwake, tukamlaza, Ramula akasema atabaki naye. Mimi nilienda nyumbani kwa sababu watoto walikuwa peke yao tangu jana. Nilipika, nikawaogesha, na baada ya hapo, Mungu ananiona, nilipanga vikanzu vya soko la Jumanne kwa saizi zake.

Ramula alinipigia kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa analia tu kwenye simu, nami nikajua Mbambu ameshatutoka.

Mwenye nyumba ndiye aliyewaita watu wa afya, na alifanya sawa. Walikuja wamevaa yale mavazi meupe, miwani, glavu mbili mbili. Walinyunyiza dawa mlangoni, wakamtoa damu kidogo kwa sindano, wakamfunga ndani ya mfuko. Hatukuruhusiwa kumwosha wala kumvisha. Padri alisimama mbali barabarani akasoma. Alizikwa saa nane mchana na watu sita wasioonekana sura, na katika hao hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Mimi nilitazama kutoka kwenye uzio, maana tulishaandikwa, mimi, Ramula na Baker, na tulipewa chumba cha kungojea majibu katika kituo cha afya.

Jumatano asubuhi aliingia nesi Babirye. Sikutegemea kumwona yeye, ila kumbe wote ni wa wilaya moja, wanazungushwa. Alivuta kiti akaketi kwa mbali, ameshika karatasi. Alituambia majibu yametoka. Haikuwa ebola. Ilikuwa malaria kali, imepanda kichwani. Tuko huru, twende nyumbani.

Hatukuinuka.

"Siku ishirini na moja je?" nikamwuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Ishirini na moja ni kwa aliyemgusa mgonjwa wa ebola kweli," akasema. "Mwenye homa tu tunamweka mpaka majibu yatoke. Siku mbili. Na wakati huo malaria tunamtibu." Alikunja ile karatasi. "Huyu nilimpima mimi getini. Ninamkumbuka kwa rozari. Thelathini na sita na nne. Alikuwa amekunywa nini?"

Baker alitazama sakafu. Mimi huyu mwenye mdomo usio na breki nilianza kukunja leso yangu. Ramula ndiye aliyesema, "Panadol," na pengine hapo ndipo alipoanza kuamini kwamba alizitoa yeye.

Nesi hakutugombeza. Ningependa angetugombeza, ningemjibu, ninajua kujibu. Alikaa kidogo, akasema tungemleta kwenye lile hema angekuwa mzima, kisha akainuka akaenda kazini.

Ijumaa nilikuwa sokoni. Mtaniuliza niliwezaje. Niliweza. Wateja walijaa, waliniambia pole, wakanunua. Kabla ya Idi nilikuwa nimeuza vikanzu vyote, na viatu vikabaki jozi nne. Sijapata kuuza hivyo tena. Kibanda cha jirani kilikuwa kimefunikwa turubai, na nikienda kuswali nilifunika changu pia.

Baker hazungumzi nami. Akinikuta stendi anajaza gari lake na kuniacha. Sawa.

Wiki moja baada ya Idi alikuja kijana mmoja mrefu, amepita mpakani, mikono bado inanuka klorini. Alisema yeye ni Kasereka, kaka yake Mbambu, amekuja kuchukua vitenge vyake. Nilimsaidia kuvikunja. Nilimpa kiti na maji ya kunywa. Alipomaliza kufunga mizigo hakuinuka.

"Mama Naimah," akasema, "Mbambu alitutumia picha yenye mulimupiga. Iko ndani ya maji, iko nacheka. Mama yetu anaiangalia kila siku. Alisema nikuje nikuambie aksanti, juu mulimupeleka kuona bichi."

Nilisema si kitu.

"Alafu mama anauliza neno moja. Huko alisema iko mugonjwa? Aliomba hopitali?"

Aliniangalia usoni, ana macho yaleyale ya dada yake, ya kutazama kama umekasirika. Sokoni watu walikuwa wengi, mteja mmoja alikuwa anashika gauni anauliza bei. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema.

"Hapana," nikamwambia. "Hakuomba kitu. Alikuwa na furaha tu."

Akanishika mikono yangu yote miwili, mwaka ule ambao hakuna aliyempa mwenzake mkono, akasema aksanti, Yaya.